Ishirini na Saba kwa Saa, Nikiwa Pale Pale

Nianze kwa kusema kwamba aibu ninayo, tena ya kutosha, wala msihangaike kuniongezea. Nikilikumbuka jambo hili hata nikiwa dukani peke yangu (nauzaga makava ya simu na chaja pale mjini Musoma) najikuta nimefunika uso kwa viganja viwili, mteja ananiuliza, "Kaka Bwire, unaumwa?" nasema hapana, kuna kitu nimekumbuka. Na kitu chenyewe, jamani, kilianza na hesabu ya kuzidisha. Hesabu ya shule ya msingi! Tena niliipata, nikairudia, nikaipata tena.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nimepata mchumba, Wegesa, binti wa Butiama anayefundisha watoto wa chekechea huku Musoma, na mimi kwetu ni Suguti, mtu wa ziwani kabisa, nimekuzwa kwa sato na dagaa mpaka nikawa na mwili unaosalimiwa kabla yangu. Posa ilishapokelewa, kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri, kilichobaki ni mimi mwenyewe kwenda kuonekana kwa wazee wa Butiama ili wakubali au wakatae. Kuonekana! Hapo ndipo Wegesa akaniangalia kuanzia kichwani akaishia katikati, akasema, "Bwire, hilo tumbo litafika kwa baba kabla yako." Maneno yaliniuma, nisiwadanganye. Kesho yake nikajiandikisha jimu.

Jimu yenyewe iko Kamunyonge, karibu na ninapokaa, chumba kilichokuwaga cha kuuzia mchele, kina vyuma vya kunyanyua, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, unakanyaga tu umekaa pale pale unatazama ukuta. Vyuma nilivijaribu siku moja nikawaachia wenyewe. Baiskeli nikaipenda. Ina kiti kipana, ina feni jirani yake, halafu ina kidude chekundu cha kukaza, ukikizungusha kulia pedeli zinakuwa nzito mpaka unaona nyota, ukikizungusha kushoto zinalainika. Mimi nilikuwa nakizungushaga kushoto mpaka kinagoma (nani anakwenda kulipia shida?). Basi nakanyaga, miguu inaruka yenyewe, jasho linatiririka, watu wananisifia, na mimi nikaanza kuamini.

Shida ni kwamba kile kioo chake cha kuonyesha spidi kilikuwa kimekufa zamani. Sasa mtu unatoka jasho namna ile, halafu hujui ungekuwa unakwenda spidi gani kama ungekuwa barabarani! Nikamlalamikia rafiki yangu Masatu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwenye maneno kuliko redio, na Masatu akasema, "Hiyo ni hesabu ndogo, tunaipiga leo leo." Akaleta baiskeli yake ya chuma, hizi za kubebea mzigo, tukaiweka nje ya jimu, nikazungusha pedeli kwa mkono mzunguko mmoja kamili, baiskeli ikasogea, naye akapima kwa futi yake ya kazini pale tairi lilipoanzia mpaka lilipoishia: mita tano na kitu kidogo, hicho kidogo tukakisamehe. Tukaingia ndani, nikapanda ile ya mazoezi, yeye akaweka dakika moja kwenye simu, mimi nikakanyaga huku jimu nzima wanahesabu kwa sauti, ikafika tisini. Tisini mara tano, hizo ni mita mia nne na hamsini kwa dakika. Zidisha mara sitini. Kilomita ishirini na saba kwa saa!

"Aisee!" Masatu akapiga kelele. "Bwire, wewe ni pikipiki!"

Nilishtuka mwenyewe. Nikairudia kwenye simu yangu, ikatoka ile ile. Yaani mimi, na tumbo hili, kumbe nimebeba spidi ndani na sikujua! Kutoka Musoma mpaka Butiama ni kilomita arobaini na kitu, kwa hiyo kwa spidi yangu ni saa moja na nusu na chenji, tuseme saa mbili ukiweka na kunywa maji. Nikatoka pale natembea kifua mbele, hata salamu za watu nilikuwa naitikia kwa mkono tu.

Hesabu ile ningekaa nayo moyoni ingekuwa haina kosa kwa mtu. Lakini jioni Mzee Magori, baba yake Wegesa, akapiga simu kuthibitisha siku ya mimi kwenda, na Mzee Magori ana sauti ya kuitia ng'ombe, na akianza kukumbuka ujana wake humzuii. Akaanza: sisi zamani tulikuwa tunakwendaga Musoma kwa baiskeli na gunia la mtama nyuma, tunarudi siku hiyo hiyo na chumvi na vitambaa, nyie vijana wa siku hizi mnapanda bodaboda kwenda kununua kiberiti. "Huyu mkwe wangu wa Bunda," akasema, "aliyemwoa dada yake Wegesa, anakaa Nyasura pale, anakujaga na gari. Jasho lake sijaliona hata siku moja. Mtu hujaliona jasho lake, utamjuaje?"

Ningesema tu "ndiyo baba" mambo yangeisha. Mdomo huu!

"Baba, mimi nitakuja na baiskeli."

Nikasikia anaweka kikombe chini.

"Kutoka Musoma?"

"Kutoka Musoma, baba. Nikitoka saa moja asubuhi, saa tatu nipo kwako. Nimepiga hesabu."

Mzee akacheka kwa furaha ambayo sijawahi kumpa mtu mzima maishani mwangu. "Sasa huyo ndiye mkwe! Nawaambia wazee wote!" Na akawaambia kweli. Kesho yake Wegesa ananipigia, "Bwire, umemwambia nini baba? Baba mkubwa anasema wewe ukifika saa tatu kwa baiskeli atakupa mkono, usipofika ni mwongo, na binti hatolewi kwa mwongo." Baba mkubwa huyu, kaka yake Mzee Magori, ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ukoo wao, na alikuwa hanitaki tangu mwanzo, alishasema hadharani kwamba watu wa ziwani hawana ng'ombe, wana nyavu. Nikamwambia Wegesa asiwe na wasiwasi, hesabu haidanganyi. Akauliza, "Wewe mara ya mwisho kuendesha baiskeli ya kweli ilikuwa lini?" Nikajifanya mtandao unasumbua.

Siku yenyewe nikavaa taiti nyeusi ya mazoezi, ile inayobana mpaka hakuna siri, na fulana. Suruali ya heshima, shati, viatu na simu nikaviweka kwenye begi ili visilowe jasho, begi nikampa baba mdogo Mafuru na wazee wenzake wawili wa Suguti waliokuwa wanakuja nyuma na gari ya kukodi. Masatu akanikabidhi ile baiskeli yake ya chuma, akanipiga mgongoni, akasema, "Usishuke chini ya tisini!"

Mpaka Bweri nilikuwa shujaa, watoto wananishangilia, nawapigia kengele. Baada ya hapo, jamani, kumbe barabara ina upepo! Upepo unatoka huko Butiama unakuja kunisukuma kifuani kana kwamba nao umetumwa na baba mkubwa. Halafu barabara inapanda, siyo mlima wa kuonekana, inapanda kwa unafiki, ukiiangalia ni tambarare na miguu inakataa. Nikatazama saa ya mkononi nikahesabu pedeli dakika moja, nikapata arobaini. Nikasema labda nimekosea kuhesabu. Nikarudia, nikapata thelathini na tano, nikaacha kuhesabu.

Gari ya wazee wangu ikanikuta bado sijafika Makutano. Baba mdogo Mafuru akatoa kichwa dirishani, "Mwanangu, tukubebe?" Na mimi, kwa kiburi cha kijinga, nikampungia mkono, "Tangulieni baba, nakuja!" Nikatabasamu mpaka gari ikapotea, halafu nikashuka nikatapika chai yote. Begi na simu na suruali vimekwenda. Nilikuwa na taiti, saa inayosema saa tatu kasorobo, na baiskeli ya chuma ambayo sasa niligundua ni chuma kweli.

Nilipoiacha Makutano na kushika njia ya Butiama saa tatu ilishapita. Kuna mahali barabara inapanda kwa wazi kabisa, haifichi tena, mawe makubwa upande huu, shamba la mtama upande ule, na hapo ndipo mapaja yangu yote mawili yalikaza misuli kwa pamoja. Sikuanguka kama watu wanavyoangukaga, nilisimama kwanza juu ya pedeli, nikakaa hivyo, baiskeli ikafikiri, halafu tukalala wote mtaroni, yeye juu mimi chini. Na nikiwa pale, nalia (nasema nalia, msinitazame hivyo), kile kidude chekundu kikanijia akilini. Nilikuwa nimekilegeza mpaka mwisho! Tulipima mita za baiskeli ya kubeba mtu, kwenye barabara na upepo, tukazidisha na miguu iliyokuwa inazungusha hewa. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya ishirini na saba.

"Huyu amekufa?"

Nikafungua macho. Wanawake wawili wamesimama juu yangu, mmoja mwembamba na ndoo kichwani, mwingine mnene wa makamo, kitenge cha bluu, kikapu mkononi.

"Sijafa mama. Ni miguu."

"Nyoosha."

"Hainyooki mama!"

Yule mnene hakubishana. Akaweka kikapu chini, akaitoa baiskeli juu yangu kwa mkono mmoja, akakaa pembeni ya mtaro, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake kana kwamba ni mzigo wa kuni, akaivuta ile taiti juu mpaka mwisho, akatoa chupa ya samli kikapuni. Mwenzake akamwambia, "Hiyo ni ya wageni, na tumechelewa." Akajibu, "Wageni wana miguu yao." Akamimina samli kiganjani, akaanza kunikanda paja, na haki ya Mungu sijawahi kupiga kelele namna ile, niliita mama yangu, nikamwita na bibi yangu aliyekufa.

Baada ya muda maumivu yakaanza kulegea, na mdomo wangu nao ukalegea. Mnajua mtu akikutoa kwenye maumivu unampenda, unataka kumwambia kila kitu. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Musoma. Na baiskeli hii? Nani kakutuma? Basi nikamwaga yote, jimu, futi, tisini, ishirini na saba kwa saa.

"Ngoja," akasema, bado anakanda. "Ulikuwa unaendesha ukiwa umekaa ndani ya nyumba?"

"Ndiyo mama."

"Na hiyo baiskeli haiondoki?"

"Haiondoki mama."

"Na ndiyo ikakwambia utafika Butiama."

"Tulipiga hesabu mama."

"Mh," akasema. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu. Lete mguu wa pili."

Nikaleta mguu wa pili, na hapo sijui ni shetani gani alinikalia, nikaongeza. "Kosa siyo langu peke yangu mama. Kuna mzee mmoja huko Butiama, mbishi huyo, mbishi wa kuzaliwa, eti anataka kuona jasho la mkwe! Anajisifia baiskeli za zamani kutwa nzima. Nimesikia hata mke wake anamkimbiaga, mzee akianza tu hadithi ya gunia la mtama mama wa watu anachukua jembe anakwenda shambani, hata kama hakuna cha kulima."

Yule mama alicheka mpaka akaacha kukanda, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Sasa afanyeje, mwanangu? Shamba halijibu." Akamimina samli nyingine. "Nani huyo mzee? Maana huku wabishi ni wengi."

"Mzee Magori," nikasema.

Mikono ikasimama. Ilikuwa katikati ya paja langu, vidole vimezama, ikasimama hivyo hivyo. Nikamtazama usoni, sijaelewa, naye ananitazama, na uso wake ulikuwa unabadilika taratibu, kicheko kinatoka, kitu kingine kinaingia. Yule mwembamba ndoo ikamtoka kichwani, maji yote chini.

"Mama Wegesa!" akapiga ukelele. "Mungu wangu, Mama Wegesa! Ni mkwe wako!"

Kwa nyie mnaotoka kwingine, ngoja niwaeleze, msije mkadhani ni jambo la kucheka tu. Kwetu, na kwao Butiama ndiyo zaidi, mama mkwe humkaribii. Humpi mkono, huli naye, mkikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Ndiyo maana sikuwa nimewahi kumwona, hata picha yake Wegesa hakunionyesha. Naye, saa tatu ilivyopita, alishahesabu mkwe wake amefika zamani, amekaa na wazee. Kuna watu wamewahi kuvunjiwa uchumba kwa sababu tu waliingia nyumba mama mkwe akiwa anakula. Na mimi wangu alikuwa ameshika paja langu la pili, tupu, lenye samli, nikiwa nimemaliza kumsema mume wake.

Aliruka. Mama yule na unene wake aliruka, akavuta kitenge akafunika kichwa na uso, akaingia kwenye mtama mpaka nikawa naona mashuke yanatikisika tu. Mimi nikageukia mtaroni, uso kwenye majani. Nilijiambia nimekwisha. Wegesa nimempoteza, tena si kwa kuchelewa, kwa laana.

Sauti ikatoka ndani ya mtama, "Mama Nyanjige, mwambie huyo afunike miguu."

"Mama anasema ufunike miguu," yule mwembamba akaniambia, kana kwamba sijasikia.

"Nifunike na nini, sina nguo!"

Akafungua kanga yake ya juu, akanitupia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, huruma tupu, "Jambo hili halifichwi, kijana. Likifichwa linawarudia watoto mtakaowazaa. Lazima wazee waambiwe." Akasimamisha bodaboda iliyokuwa inapita, akanipakia. Baiskeli ya Masatu tukaiacha kwenye nyumba ya jirani. Wao wakashika njia ya mkato kwa miguu katikati ya mtama, fupi kweli, boda ikazunguka na barabara.

Naomba mnione ninavyofika. Saa tano. Turubai limefungwa, wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, wangu wa Suguti upande huu, wao upande ule, na mimi nashuka kwenye bodaboda nimefunga kanga ya maua kiunoni, miguu nimeitanua kwa maumivu, nanuka samli. Hata dereva wa boda hakuondoka, alizima injini aangalie.

Mzee Magori akasimama. "Baiskeli iko wapi?"

Nikakaza kanga. Baba mkubwa, mzee mrefu mwenye kofia, akatabasamu. "Mwongo amefika," akasema.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Wanawake walikuwa wameshaingia kwa mlango wa nyuma, na Mama Nyanjige akamnong'oneza shangazi yake Wegesa, shangazi akaja kumnong'oneza baba mkubwa, na niliona neno linavyotembea kwenye viti, sikio kwa sikio, kila linapofika mtu anashtuka anasukuma kiti nyuma. Baba mdogo Mafuru alipolipata alishika kichwa kwa mikono miwili. "Bwire," akasema, "Bwire, umetufanya nini?"

"Amemshika mguu!" baba mkubwa akasema, na sasa hakuwa anatabasamu, alikuwa ameogopa kweli, niliona. "Mama amemshika mkwe mguu, tena paja! Hapa hakuna ndoa tena. Watu wa Suguti, chukueni mtoto wenu mwende salama."

Nyuma ya jiko nikamsikia Wegesa anaangua kilio. Mimi ni mtu wa utani, mnanijua, lakini kilio kile kilinikata. Nilimpenda yule binti, nilitaka kuzeeka naye, na nilikuwa nimemharibia kwa sababu ya baiskeli ambayo haijawahi hata kutoka mlangoni. Nikapiga magoti na kanga yangu, nikasema wazee nisameheni. Mama Nyanjige ndiye aliyejibu, alikuwa amesimama pembeni bado ana mshtuko, akasema, "Na tena huyu kijana, huko njiani, alikuwa anasema—"

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kimoja tu, kizito. Mama Nyanjige akafunga mdomo.

Halafu sauti ile niliyoifahamu ikatoka dirishani, pazia limeshushwa, "Baba Wegesa, naomba niseme."

"Sema," Mzee Magori akasema.

"Mimi mkwe wangu sijamwona."

Wazee wote wakageukia dirisha.

"Nimekuta mtoto wa mtu barabarani analia, nikamkanda, maana na mimi nina watoto, wako kwenye njia za watu, sijui leo nani anawaokota. Mkwe hafiki hivyo. Mkwe anakuja amevaa, ameongozana na wazee wake, anapiga hodi. Nauliza, katika mji huu leo kuna mtu amepigiwa hodi na mkwe?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti, nikaona miguu ya wazee haitikisiki. Kweli sikupiga hodi! Nilishuka kwenye boda nikiwa na kanga, ningepigaje hodi? Mzee Magori akageuka polepole akamwangalia wa kwanza, "Wewe umesikia hodi ya mkwe?" Akasema hapana. Wa pili, hapana. Wakaenda hivyo mpaka kwa kaka yake. Baba mkubwa akazungusha kofia mikononi, halafu akasema kwa hasira ya mtu aliyeshindwa kwa haki, "Mimi kusema uwongo siwezi. Hodi ya mkwe sijasikia."

"Basi mkwe hajafika," Mzee Magori akasema. "Huyu mtoto wa mtu asaidiwe, aende zake."

Bibi mmoja mzee sana akanitoa mpaka barabarani, akanimwagia maji miguuni huku anasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa, akanisugua samli yote mpaka ngozi ikawaka. Nikavalia nyuma ya gari, suruali, shati, viatu. Wazee wangu watatu wakanyanyuka, wakaaga, wakaondoka pale bila kucheka, tukakutana njiani, tukatembea kidogo kuelekea Makutano, halafu tukageuka. Mapaja yanawaka moto, kila hatua ni msiba, lakini nilitembea wima.

"Hodi!" baba mdogo Mafuru akaita.

"Karibuni! Nani wenzetu?"

"Ni watu wa Suguti. Tumemleta kijana wetu muonane."

Wakasimama wote kana kwamba hawajatuona tangu wazaliwe. Mzee Magori akanipa mkono, akaniangalia sana, na naapa macho yake yalikuwa yanacheka.

"Ndiye wewe Bwire? Tulisikia unakuja na baiskeli."

"Waliwadanganya, baba," nikasema. "Mimi baiskeli siijui."

Baba mkubwa akaguna. Halafu akatoa mkono, akanipa.

Tulifunga ndoa, na kama kuna mtu hapa ana jimu karibu na kwake nampa nasaha ya bure: baiskeli isiyoondoka mahali, spidi yake ni sifuri, hata utoke jasho ndoo nzima, hata jimu nzima wakuhesabie. Mimi siku hizi natembea kwa miguu kwenda dukani na kurudi, na nimeapa mbele ya Masatu kwamba sitapiga tena hesabu ya safari juu ya kitu kisichosafiri. Na nimeapa kingine, kwamba sitamsema mzee wa mtu mbele ya mtu nisiyemjua, wala mbele ya mtu yeyote aliyenishika mguu.

Hicho cha pili kinanisumbua mpaka leo. Mama mkwe hajaniona tena, nikienda nasalimia kupitia ukuta, naye anaitikia vizuri, na yale niliyomwambia kule mtaroni hajayasema kwa mtu. Ila juzi Wegesa alirudi kutoka kwao akasema, "Mama anakusalimia. Anasema ana swali moja tu, siyo kwa ubaya. Anataka kujua ni nani alikwambia kwamba yeye anakimbiliaga shambani."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama, nikaona uso wake unabadilika taratibu, kwa sababu aliyeniambia ni yeye.